Mkutano wa HAZOP: mwenye kushika robine asemeshwe

Katika viwanda vya shaba na kobalti vya Haut-Katanga na Lualaba, usalama wa wafanyakazi unaanzia mu chumba cha mkutano, mbele ya plani za mabomba. Yule anayeongoza mkutano huo iko na kazi moja kubwa kuliko zote: kufanya watu waseme mambo wanayoyajua.

Kwa watu wa Likasi, Fungurume na Kolwezi, asidi si neno la kitabu. Malori yake yanapita barabarani kila siku. Mwezi wa Februari 2019, ku kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori la asidi liligongana na magari mengine, asidi ikamwangika juu ya watu. Karibu watu 20 walikufa. Tangu siku ile, hata mtoto wa shule anajua kama maji yale yanakula nyama ya mwili.

Lakini asidi ile haitembei bure. Inaenda mu kiwanda. Kule mawe yanasagwa, yanaingizwa mu matangi makubwa, na asidi sulfuriki inayeyusha shaba na kobalti. Nyuma yake, shaba inavutwa ndani ya mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, halafu umeme unaikamatisha ku vibati. Kazi hii ni ya zamani kwetu: kiwanda cha Shituru, ku Likasi, kilianza mwaka 1929, na kile cha Luilu, ku Kolwezi, mwaka 1960. Tangu miaka ya 2000 viwanda vya namna hiyo vimeongezeka sana, na wenye navyo wanatoka inchi mbalimbali.

Mbele ya kuwasha kiwanda kama hicho, ama mbele ya kukigeuza, kuna mkutano unaoitwa HAZOP. Jina hilo limefupishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza: moja ni hatari, lingine ni uwezo wa kuendesha kiwanda pasipo matata. Wakubwa wengi wanalijua jina. Wafanyakazi wengi wanalisikia tu siku ile wanaitwa: "Kesho utaenda mu HAZOP." Wanaenda, wanakaa nyuma, wananyamaza, wanarudi. Makala hii ni juu ya ukimya ule, na juu ya mtu mwenye kazi ya kuuvunja: kiongozi wa mkutano.

Ilianzia wapi

Njia hii ilizaliwa mu Uingereza, mu kompani kubwa ya kemia iliyoitwa ICI. Mwaka 1963, watu wachache walikaa pamoja juu ya plani za kiwanda kipya cha fenoli. Walikutana siku tatu kila juma, kwa miezi minne, wakichunguza bomba moja nyuma ya lingine. Kwa kila bomba waliuliza: kitu gani kinaweza kwenda mbali na vile tulivyokusudia? Waliona hatari nyingi ambazo macho ya kawaida hayakuziona, na waliona pia mambo mengine yaliyoweza kusumbua kazi ya kila siku.

Mwaka 1974, enjenieri wa ICI, H. G. Lawley, aliandika njia hiyo wazi mu gazeti la wataalamu, watu wa kompani zingine wakaijua. Mwenzake Trevor Kletz, mtu wa kemia aliyekuwa mshauri wa usalama mu kompani ileile, aliieneza kwa vitabu na mafundisho mpaka kifo chake mwaka 2013. Leo njia hii iko na kanuni ya kimataifa, IEC 61882, iliyotolewa mwaka 2001 na kurudiliwa mwaka 2016.

Maneno saba na bomba moja

Sasa tuone namna inavyofanyika. Plani ya kiwanda inakatwa vipande vidogo. Kwa kila kipande, timu inasema kwanza kusudi lake: "Bomba hili linapeleka asidi kutoka tangi hili mpaka pale, kwa nguvu fulani, kwa joto fulani." Halafu wanachukua maneno ya kuongoza, moja kwa moja, na kuyaunganisha na mtiririko, presha, joto, kimo cha maji mu tangi. Kwa Kiswahili maneno yale yanaweza kusemwa hivi: HAPANA, ZAIDI, PUNGUFU, KINYUME, PAMOJA NA KINGINE, SEHEMU TU, na KITU INGINE KABISA.

Tuchukue mfano ambao mtu yeyote wa Kolwezi ataelewa. Tangi la chuma linachunga asidi kali, ile ya 98%. Pompi inaitoa na kuipeleka ku bomba ambamo inakutana na maji, ili ipunguke ukali mbele ya kuingia mu matangi ya kuyeyusha.

HAPANA mtiririko. Sababu yake? Tangi limekauka, robine imefungwa, pompi imekufa, umeme umekatika. Matokeo? Shaba haiyeyuki, kazi inasimama, kompani inapoteza feza. Hakuna mtu anakufa. Timu iliyochoka itaandika hivyo na kuendelea.

Lakini kiongozi mzuri hapana kuendelea haraka. Anauliza: umeme ukikatika na pompi ya asidi ikisimama, je, maji nayo yanasimama? Kama maji yanatoka ku tangi la juu, ama ku pompi yenye umeme mwingine, yataendelea kusukuma. Sasa neno KINYUME linapata maana yake. Maji yanaweza kurudi nyuma kupitia bomba la asidi mpaka ndani ya tangi la asidi kali. Kila mwanafunzi wa kemia amefundishwa: asidi njo inatiwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, sababu joto linapanda gafula, linachemka na kuruka juu ya watu. Tena kuna jambo la pili, linalokuja polepole. Chuma cha kawaida kinaweza kuchunga asidi kali, sababu inajifanyia ngozi inayokilinda. Asidi ikichanganyika na maji, ngozi ile inaondoka, chuma kinaliwa, na kunatoka hidrojeni, gesi inayopasuka kwa cheche moja tu. Siku nyingine fundi atakuja kuunga chuma juu ya tangi lile bila kujua.

Neno moja tu, KINYUME, limetupeleka kutoka hasara ya feza mpaka kifo.

Halafu timu inauliza: tuko na kinga gani? Plani inaonyesha klape ya kuzuia maji yasirudi. Wengi mu chumba wanatosheka. Kiongozi anamgeukia mtu wa kazi ya usiku na kumuuliza: "Wee, unaionaka namna gani klape ile?" Na yeye anaweza kujibu: "Ile klape inakwamaka, shefu. Tunaipigaka nyundo njo inafunguka." Jibu lile halimo mu plani, halimo mu kitabu cha mwenye kutengeneza klape, na enjenieri aliyechora kiwanda mu Ulaya ama mu Uchina hawezi kulijua. Hapo pendekezo linabadilika. Klape peke yake haitoshi. Iwekwe robine inayofunga maji yenyewe pompi ya asidi ikisimama. Ama, vizuri zaidi, maji yapitie kwanza mu tangi dogo lililo wazi juu, ili kati ya maji na asidi kuwe nafasi ya hewa ambayo maji hayawezi kuruka.

Ona pia jambo la umeme. Mu inchi nyingine, mwenye kuchora kiwanda anahesabu kukatika kwa umeme kama ajali ya mara chache. Kwetu ni jambo la kawaida. Swali la "umeme ukikatika" lazima liulizwe kwa kila kipande cha plani, na tena lingine: umeme ukirudi, mashini gani zinajiwasha zenyewe? Watu wa hapa wanajua majibu. Inafaa tu waulizwe.

Kazi ya kiongozi si kujibu

Wengi wanafikiri kiongozi wa HAZOP ni yule enjenieri anayejua kiwanda kuliko wote. Si hivyo. Kanuni nzuri inaomba asiwe mtu aliyechora kiwanda kile, sababu mtu hawezi kuchunguza mtoto wake mwenyewe bila upendeleo. Inafaa ajue viwanda, ajue njia ya HAZOP, lakini kazi yake ni kuuliza. Siku ile anaanza kujibu maswali yake mwenyewe, mkutano umegeuka masomo, na wengine wanalala.

Sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika mbele ya siku ya kwanza. Anaomba plani, na anachukua plani ile mkononi na kutembea nayo mu kiwanda, akifuata bomba kwa macho. Kama plani inaonyesha robine mbili na chini kuna tatu, mkutano hauwezi kuanza: watu watachunguza kiwanda kisichokuwako. Anakata plani vipande. Anahesabu siku zinazohitajika na kukatalia shefu anayetaka yote imalizike mu siku mbili. Akili ya mtu inachoka: nyuma ya saa chache za kuuliza maneno yaleyale, watu wanaanza kusema "hakuna shida" ili waende kula. Heri asubuhi tano zenye akili kuliko siku mbili za kutwa zenye usingizi.

Halafu anachagua timu. Watu watano mpaka wanane wanatosha: mwandishi, enjenieri aliyechora, mtu wa matengenezo, mtu wa vipimo na otomatiki, mtu wa usalama, na zaidi ya yote, mwenye kuendesha. Hapa njo kuna kosa linalorudia mara nyingi. Kompani inatuma kapita ama shefu wa sehemu, na inasema: "Yeye anajua kazi." Anajua, kweli. Lakini mwenye kushika robine saa nane ya usiku ni mwingine, na anayoyafanya kweli si sawasawa na yaliyoandikwa mu daftari. Huyo njo aitwe.

Mwandishi naye si karani wa bure. Anayoyaandika yaonekane ku ukuta ili kila mtu asome palepale. Kama imeandikwa "presha kubwa" na fundi alisema "presha inapanda wakati tunasafisha bomba", fundi aone na akatae.

Lugha na ukubwa

Mu viwanda vyetu, mkutano mmoja unaweza kuwa na lugha nne. Plani imeandikwa kwa Kiingereza ama Kichina. Mkutano unafanyika kwa Kifaransa. Mafundi wanazungumza Kiswahili kati yao. Mtafsiri anafupisha: mtu amesema dakika mbili, tafsiri inatoka kwa maneno matano. Katika haya yote, anayepoteza zaidi ni yule mwenye kuendesha, na pamoja naye unapotea ukweli juu ya kiwanda.

Tena maneno yenyewe yako na mitego. "Kufunga pompi" kwa Kiswahili inaweza kuwa kuisimamisha, na inaweza kuwa kuiweka mahali pake na kukaza boloni. Fundi wa mabomba akisema "imefungwa", anasema hakuna kitu kinapita. Fundi wa umeme aliyesoma kwa Kifaransa, akisema mzunguko "umefungwa", anataka kusema umeme unapita. Watu wawili, neno moja, maana mbili zinazopingana. Kiongozi asiyejua jambo hili ataandika "imefungwa" mu daftari, na miaka miwili nyuma mtu ataisoma na kuielewa vibaya. Dawa yake si ngumu: siku ya kwanza, timu inakubaliana juu ya maneno. Tuseme "inapita" na "haipiti". Tuseme "inazunguka" na "imesimama". Maneno saba ya kuongoza yaandikwe ku ukuta kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, moja karibu na lingine. Na mwenye kuendesha aruhusiwe kusema lugha anayoitumia wakati alarmu inalia, sababu ndani ya lugha ile njo anakumbuka.

Shida ya pili ni ukubwa. Kwetu mtoto hamkatishi mkubwa maneno, na mtumishi hamwambii shefu mbele ya wageni kama mashini ya shefu ni mbaya. Ni heshima, na heshima ni kitu kizuri. Lakini mu chumba cha HAZOP inaweza kuua. Shefu akisema kwanza, "Ile haiwezi kufika," nani atasema ilifika juma lililopita? Tena kuna woga wa mkate: mtu wa kandarasi, mwenye mkataba wa miezi mitatu, anajua kama kusema klape inapigwa nyundo ni kujishitaki mwenyewe.

Kiongozi mwenye ujuzi iko na njia zake. Anaanza na mdogo na kumaliza na mkubwa. Hapana kuuliza "Inaweza kufika?", sababu jibu la adabu ni "hapana". Anauliza: "Mara ya mwisho ilifika lini, na mlifanya nini?" Anauliza juu ya mikono: "Alarmu inalia, uko peke yako, mwenzako ameenda kutafuta kipande. Unashika nini kwanza?" Mbele ya mkutano, anamwomba directeur aseme wazi mbele ya wote kama hakuna mtu ataazibiwa kwa neno lililosemwa ndani ya chumba, na ahadi ile inaandikwa. Na kama mkubwa fulani anafunga midomo ya watu, kiongozi anamwita kando wakati wa chai na kumwomba, kwa heshima yote, aje kusoma matokeo mwisho wa siku. Asiyeweza kufanya hivyo hawezi kuongoza HAZOP.

Kinga za karatasi

Kwa nini kusumbuka hivi? Ajali kubwa za viwanda zinatupa jibu.

Usiku wa tarehe 2 kuingia 3 Desemba 1984, ku Bhopal, mu inchi ya India, maji yaliingia ndani ya tangi lenye kemikali kali sana. Joto likapanda, gesi ya sumu ikatoka na kuangukia watu waliolala. Maelfu walikufa. Mu plani ya kiwanda kulikuwa na kinga: mtambo wa kupoza tangi, mtambo wa kuosha gesi, mnara wa kuichoma. Usiku ule mtambo wa kupoza ulikuwa umesimamishwa, mnara wa kuchoma ulikuwa umekatwa kipande cha bomba kwa matengenezo, na mtambo wa kuosha gesi haukuwa umewashwa. Kinga zilikuwa ku karatasi tu.

Njo maana, kila mara timu inapoandika kinga, kiongozi anauliza maswali matatu. Iko inafanya kazi leo? Nani aliipima, na siku gani? Inategemea kitu kilekile ambacho kimeharibika? Kama alarmu ya kimo cha tangi inasoma kipimo kimoja na kile kinachoongoza pompi, basi kipimo kikidanganya, vyote viwili vinadanganya pamoja. Imehesabiwa kama kinga, kumbe si kitu.

Tarehe 23 Machi 2005, ku Texas City, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha petroli cha BP walikuwa wanawasha upya sehemu moja nyuma ya matengenezo. Mnara ulijazwa kupita kiasi, na wakati maji ya petroli yalikuwa yanapanda, kipimo kilionyesha yanashuka. Yalifurika, yakatoka ku bomba la juu, yakawaka. Watu 15 walikufa na karibu 180 waliumia. Wale waliokufa walikuwa mu vyumba vya muda, ama karibu navyo, vilivyowekwa jirani kwa ajili ya kazi zingine.

Hapa kuna fundisho lingine. HAZOP nyingi zinachunguza kiwanda kinapotembea vizuri, mchana, kila kitu mahali pake. Ajali nyingi zinakuja wakati wa kuwasha, wakati wa kuzima, wakati wa kusafisha. Kiongozi lazima ayarudilie maneno yaleyale kwa nyakati zile: ZAIDI wakati wa kujaza mara ya kwanza, KINYUME wakati wa kuosha mabomba. Kwetu aongeze sehemu ya mafuta inayovuta shaba, sababu mafuta yale yanawaka. Ku Olympic Dam, Australia, sehemu kama hiyo ya kiwanda cha shaba iliwaka moto mwaka 1999, na tena mwaka 2001.

Daftari likifungwa, kazi haijaisha

Mwisho wa HAZOP kunabaki orodha ya mapendekezo. Kila moja linahitaji jina la mtu na tarehe. "Idara ya matengenezo itaangalia" si jina. Kiongozi anamaliza kazi yake kwa kutoa ripoti, lakini mwenye kiwanda njo anapaswa kufuata orodha mpaka mstari wa mwisho. Kama pendekezo linakataliwa, sababu iandikwe na mkubwa atie sini. Ripoti nzuri iliyofungiwa mu kabati ni hatari kuliko kukosa ripoti: inawapa watu usingizi.

Na kiwanda kinageuka. Ku Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, kiwanda kilichofanya kemikali ya nailoni kilikuwa na matangi sita makubwa yaliyofuatana. Mwezi wa Machi, la tano lilipatikana na ufa. Walilitoa, wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda, lililopindwa, lenye upana mdogo kuliko midomo ya matangi. Picha yake ilichorwa kwa chaki chini ya atelier. Kazi ya enjenieri mkuu wa mitambo ilikuwa wazi, hajapatikana mwingine. Tarehe 1 Juni bomba lile lilipasuka, wingu la mvuke likawaka, kiwanda kikabomoka. Watu 28 walikufa. Ilikuwa siku ya posho, biro hazikuwa na watu. Ingekuwa katikati ya juma, wangekufa wengi zaidi.

Bomba la Flixborough halikuwa mu plani yoyote. Ndiyo sababu leo, mu kompani zinazojiheshimu, kila badiliko, hata la muda, linapita mbele ya watu wanaouliza maneno yaleyale saba. Marekani, tangu mwaka 1992, sheria inaomba uchunguzi wa hatari za viwanda vya namna hii urudiliwe angalau kila miaka 5.

Mambo ya kuuliza huku kwetu

HAZOP haiponyeshi kila kitu. Haichungi lori barabarani, na haisemi kitu juu ya shoferi aliyechoka. Inatazama mabomba, matangi, na mikono ya watu wanaoyaendesha. Katika mipaka ile, inafanya kazi vizuri, kama watu wanasema.

Kode ya kazi ya Congo ya mwaka 2002 inaleta mu kompani komite ya usalama na usafi, na wajumbe wa wafanyakazi wanakaa ndani. Komite ile inaweza kuuliza maswali ya wazi. HAZOP ya kiwanda chetu ilifanyika lini? Nani kati ya wenye kuendesha alikuwa ndani, na alizungumza lugha gani? Mapendekezo mangapi yamebaki, na nani anayashika? Bomba lililowekwa juma lililopita "kwa muda" limepita mbele ya nani? Mtu haombi siri ya kompani kwa kuuliza hivi. Anauliza kama atarudi nyumbani.

Kwa vijana wanaomaliza polytechnique ku Lubumbashi, ku Likasi ama ku Kolwezi, kuna kazi hapa. Wageni wengi wanaletwa kuongoza mikutano hii, na wengine wanaijua sana. Lakini kijana anayesoma plani ya Kiingereza, anayeandika ripoti ya Kifaransa, na anayeweza kumuuliza fundi kwa Kiswahili "Mnafanyaka nini klape ikikwama?" na kungoja jibu bila kumkatisha, huyo iko na kitu ambacho mgeni hawezi kuleta mu valizi. Aanze kama mwandishi, akae karibu na kiongozi mwenye ujuzi kwa mikutano mingi, ajifunze mashini na ajifunze watu. Uongozi utakuja nyuma.

Na wewe fundi, kesho ukiitwa, usikae nyuma. Wanachunguza bomba ambalo mikono yako inalishika kila siku. Wakiuliza kama klape inafunga, waambie juu ya nyundo.